Mfumo Ukiishinda Simu ya Sindo, Kosa ni la Mfumo

Wanaotengeneza mifumo ya huduma za serikali kule Nairobi wana jambo moja la kusikia kutoka kwetu tunaoishi nayo. Simu nyingi za huku Sindo haziwezi kushikilia programu mbili nzito kwa wakati mmoja. Wenye simu wanajua kuzitumia, na mtandao tunao siku nyingi. Kinachokosekana ni nafasi ndani ya simu yenyewe. Hata hivyo, karibu kila huduma inayozinduliwa siku hizi humtaka mwananchi awe na programu mbili wazi kwa pamoja, pengine tatu, ndipo afike mwisho wa fomu.

Naandika haya kama mwenye saiba. Duka langu liko hatua chache kutoka steji ya Sindo, Suba Kusini, upande wa ziwa wa Kaunti ya Homa Bay. Kabla ya saiba nilikuwa nikifundisha pakeji katika chuo kidogo cha kompyuta, ndiyo maana hadi leo wateja wananiita Mwalimu. Wanaokuja ni wavuvi, akina mama wa omena, vijana wa boda, walimu wa shule za vilima vya Gwassi, na watoto waliomaliza Form Four wanaotafuta vyuo. Wengine hutoka hata upande wa Karungu, Kaunti ya Migori. Miaka ya nyuma mtu alikuja saiba kwa kuwa hakuwa na simu ya intaneti. Sasa anakuja na simu mkononi, bando limo, na fomu aliyoianza usiku kitandani ikamshinda.

Inavyomshinda ni hivi. Mama anafungua kivinjari, anaandika jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari, tarehe ya kuzaliwa, lokesheni, kijiji. Anabonyeza aendelee. Mfumo unamwambia ametumiwa nambari ya siri kwa SMS. Anatoka kwenye ukurasa, anaingia kwenye ujumbe, anasoma zile tarakimu, anazirudia mdomoni zisimpotee, kisha anarudi kwenye kivinjari. Fomu ni tupu. Simu, ili ipate nafasi ya kufungua ujumbe, ilikifunga kivinjari kimyakimya. Akianza upya anatumiwa nambari nyingine, ile ya kwanza haikubaliki tena, na safari ya pili inaishia palepale. Mwenye simu ya bei kubwa hajui adha hii, kwa maana yake hukumbuka kila ukurasa, na nambari ya siri humtokea juu ya kioo asihitaji kutoka popote. Fomu ikitaka na picha ya kitambulisho, kamera nayo inaingia, na kamera hula nafasi kuliko ujumbe.

Mzee mmoja mvuvi aliniwekea simu yake mezani akaniuliza, “Nyathina, mwanangu, hii imerogwa?”

“Haijarogwa, jaduong'. Imejaa.”

“Imejaaje, na nimefuta picha zote za mjukuu wangu?”

Swali lake lina haki ya kujibiwa vizuri, maana watu wengi sana wamefuta picha za wajukuu bure. Simu na kompyuta zina hifadhi za aina mbili. Kuna hifadhi ya kudumu, inayoweka picha, nyimbo na programu hata mashine ikizimwa. Kuna na RAM, nafasi ya kufanyia kazi, ambayo hutumiwa tu wakati programu imefunguliwa. Anayekausha omena ufuoni anaijua tofauti hii: magunia yaliyo stoo ni kitu kimoja, nyavu za kuanikia ni kitu kingine. Unaweza kuwa na stoo tupu kabisa na bado nyavu zisitoshe samaki wa leo. Hapo utaanika kiasi, uzoe, uanike wengine, uwazoe tena, jua lizame ukiwa umeshinda ukizoa na kuanika huku omena bado mbichi. Kompyuta iliyoishiwa na RAM hufanya hivyohivyo. Inahamisha kazi kutoka RAM kwenda kwenye diski na kuzirudisha, taa inamulika, feni inalia, na mwenye kazi anasubiri. Simu za Android kwa kawaida hazina subira hiyo; nyavu zikijaa, zinatupa. Programu uliyoiacha nyuma inauawa ili uliyo nayo mbele iishi.

Kwa hiyo ukiniuliza kompyuta inaweza kuendesha programu ngapi kwa pamoja, nitakuambia kwamba idadi yenyewe haina maana kubwa. Kwenye Linux, kwa miaka mingi, nambari za kazi zilihesabiwa hadi 32,768 kabla ya kuanza kurudiwa, na sijaona mashine Sindo iliyofika hata karibu. Prosesa nayo haifanyi kazi zote kwa mpigo kama tunavyodhani. Kila kiini chake hushika kazi moja, kikaiacha baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kikashika nyingine, kwa kasi ambayo jicho halioni mpito. Kinachoamua kama kazi zitaenda au zitaganda, mara nyingi, ni RAM iliyopo na ulafi wa programu zilizofunguliwa.

Ulafi huo umeongezeka mno. Nilipofundisha pakeji, tuliwaambia wanafunzi kwamba waliotutangulia, kwenye MS-DOS, walifungua WordPerfect, wakaandika barua, wakaifunga, ndipo wakafungua Lotus 1-2-3 wapige hesabu. Programu moja baada ya nyingine, na ofisi zilikwenda. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 iliridhika na RAM ya megabaiti 64 kwa uchache. Windows 11 ya mwaka 2021 haikubali kuwekwa kwenye mashine yenye chini ya gigabaiti 4, yaani mara 64 ya ile. Barua ya kuomba kazi haijarefuka mara 64. Mshahara wa mwalimu wa chekechea wa Kaksingri haujapanda mara 64.

Kompyuta zangu ni ex-UK, kama za saiba nyingi nchini: zilifanya kazi ofisini Ulaya, zikastaafishwa, zikaja kwetu kuanza maisha ya pili. Nimebandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa: FUNGUA MOJA, FUNGA MOJA. Anayejaza ritani za KRA hapaswi kuwa na video ya muziki ikicheza kwenye ukurasa mwingine. Vijana hunung'unika, hasa mwisho wa Juni, foleni inapokuwa ndefu kwa sababu tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani na kila mtu amekumbuka siku moja. Lakini bila sheria hiyo mashine inaganda, na anayeumia ni yule aliyekuwa amebakisha kubonyeza mara moja.

Kuna historia ya kikomo cha programu kwa watu wa kipato cha chini, na wasomaji wachache wanaikumbuka. Mwaka 2004 Microsoft ilitangaza toleo la bei nafuu la Windows lililoitwa XP Starter Edition, kwa ajili ya wanaonunua kompyuta ya kwanza katika nchi zinazoendelea. Lilianza Thailand, Malaysia na Indonesia, likaenda India, Urusi na kwingineko. Sharti lake lilikuwa programu tatu tu kwa wakati mmoja. Ukigusa ya nne, kompyuta inakataa na kukuambia umefika mwisho. Kikomo hicho hakikutokana na udhaifu wa mashine. Kiliandikwa ndani ya programu kwa makusudi, mashine ikiwa na nguvu ya kubeba zaidi. Windows Vista ilipokuja mwaka 2007, Starter yake iliendelea na sharti lilelile, na iliendelea kuuzwa katika nchi zinazoendelea.

Kisha, mwanzoni mwa 2009, kampuni ikasema Windows 7 nayo itakuwa na Starter, na safari hii itauzwa dunia nzima, kwenye zile kompyuta ndogo za bei nafuu zilizokuwa zikipendwa Marekani na Ulaya. Hapo ndipo kelele zilipopanda. Waandishi wa teknolojia waliuliza nani atanunua kompyuta inayokataa programu ya nne. Mwishoni mwa Mei mwaka huohuo, kabla hata Windows 7 haijafika madukani mwezi Oktoba, sharti la programu tatu likafutwa. Kampuni ilieleza kuwa imesikiliza wateja na washirika wake. Starter ilibaki na vizuizi vingine, hata picha ya nyuma ya skrini hukuruhusiwa kuibadilisha, lakini kile kizito kiliondoka.

Hesabu hapo msomaji. Kikomo kilipokuwa cha mnunuzi wa Jakarta na Delhi kilidumu karibu miaka mitano. Kilipotaka kugusa mnunuzi wa Chicago na London hakikumaliza hata miezi minne. Sioni sababu ya kuibebea kinyongo kampuni kwa jambo la zamani hivyo, lakini mafunzo yake nimeyashika mawili. La kwanza, kikomo kinachoonekana kama maumbile ya mashine mara nyingi ni uamuzi wa mtu aliyeketi ofisini. La pili, uamuzi huo hubadilika haraka ukimfikia mtu mwenye sauti.

Siku hizi hakuna anayeandika “tatu” popote, na kikomo kimekuwa kikali zaidi kuliko zamani. Ukipima simu ya gigabaiti moja au mbili kwa kazi halisi za leo, utakuta programu nzito inayoweza kuishi ndani yake ni moja. Tofauti na ile Windows ya 2004, simu haimwambii mwenyewe kwamba amefika mwisho. Inafuta fomu yake na kunyamaza, na mama anabaki akijilaumu kwamba amebonyeza vibaya. Hili la kujilaumu ndilo linaloniudhi kuliko yote. Wanawake wanaoweka hesabu za chama kichwani bila kukosea shilingi wanakuja kwangu wakisema hawajui kusoma.

Najua jibu la haraka litakuwa: wanunue simu nzuri. Njia hiyo nayo tumeijaribu. Mwaka 2020 Safaricom na Google walileta mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, mtu akapata simu ya 4G kwa kulipa shilingi 20 kwa siku baada ya malipo ya kwanza. Ulikuwa mpango mzuri, na wengi huku walipata simu ya kwanza ya intaneti kwa njia hiyo. Simu zake zilitumia Android Go, mfumo ambao Google iliutangaza mwaka 2017 kwa ajili ya simu zenye RAM ya gigabaiti moja au chini yake. Lakini sakafu haikukaa pale. Ilipofika Android 13 mwaka 2022, hata hiyo Go ilianza kudai gigabaiti mbili. Mwaka huohuo YouTube Go, iliyotengenezwa kwa simu dhaifu, ilizimwa. Mtu anamaliza kulipa simu yake shilingi ishirini ishirini, na siku anapoimaliza ulimwengu umekwisha kuihama.

Kompyuta nazo ni vilevile. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitengenezea Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama. Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za kabla ya mwaka 2018 hivi, wala mashine isiyo na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Kwa saiba zinazotegemea ex-UK hilo ni agizo la kutupa mashine nzima zinazofanya kazi. Baadhi ya zangu nimezihamishia Linux Mint, na zinakwenda vizuri. Wateja huuliza siku ya kwanza, siku ya pili wamezoea. Lakini Linux haipunguzi uzito wa tovuti. Ukurasa mzito ni mzito kwenye mfumo wowote.

Serikali nayo ina mkono katika bei ya RAM anayoimudu mwananchi. Mwaka 2009 Kenya iliondoa VAT kwenye simu za mkononi, na watu wengi walinunua. Mwaka 2013 ikairudisha. Siwezi kuielewa serikali inayotoza kodi kwenye chombo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili inasema huduma zote zipatikane kwa chombo hicho.

Na zimekuwa zote kweli. eCitizen ilianza mwaka 2014 na huduma chache. Tangu 2023 malipo ya huduma za serikali yameelekezwa kwenye Paybill moja, 222222, na mwaka huohuo programu ya Gava Mkononi ikazinduliwa kwa ahadi ya maelfu ya huduma. Bima ya afya, kuchagua kozi ya chuo, mkopo wa masomo, cheti cha kuzaliwa, leseni, ritani, vyote viko mtandaoni. Naunga mkono. Nakumbuka siku ambazo mtu alipanda matatu kwenda Homa Bay mjini, au akalala safarini kwenda Nairobi, kwa sababu ya karatasi moja. Lakini dirisha la ofisi likishafungwa na kubaki mlango mmoja wa mtandao, wenye mlango hawana ruhusa ya kuujenga kwa kipimo cha watu wa simu kubwa. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na serikali kwa haraka, kwa ufanisi na kwa njia ya busara. Fomu inayojifuta kila anaposoma SMS haina haraka, haina ufanisi, na busara sijaiona.

Kuna na hatari isiyozungumzwa. Simu ikimshinda, mwananchi hukimbilia kwangu, nami namfungulia akaunti yake kwenye kompyuta yangu. Naona nambari ya kitambulisho, hali ya afya, majina ya watoto, kipato. Wengi hunisihi niwawekee nywila zao kwenye daftari la saiba ili wasizipoteze. Hukataa, nikawaandikia kwenye kikaratasi waende nacho, lakini si kila mwenye saiba anakataa. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na maafisa huizungumzia kwenye semina. Mfumo mzito unaomlazimisha raia kumpa mtu baki siri zake unaivunja roho ya sheria hiyo kila siku, bila mdukuzi yeyote kuhitajika.

Wapo watakaosema haiwezekani kutengeneza huduma kubwa kwa chombo kidogo. Kwetu Kenya hoja hiyo ilikwisha kujibiwa Machi 2007, M-Pesa ilipozinduliwa. Wale walioibuni hawakusubiri wavuvi wapate simu janja. Walitazama simu zilizokuwa mifukoni, zile kabambe za tochi, wakaiweka huduma ndani ya laini yenyewe. Haikudai RAM, haikudai kivinjari, haikujali una programu ngapi. Mama wa omena wa Sindo alianza kupokea pesa kwa simu sawasawa na meneja wa Westlands. Kilichoipeleka M-Pesa duniani kilikuwa heshima kwa kikomo cha chombo. USSD inafanya kazi kwa akili hiyohiyo: hesabu nzito inabaki kwenye mtambo wa kampuni, simu inaonyesha maandishi machache tu. Usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali, unaweza kufanywa kwa *147#, na nimeona wazee wakiumaliza wenyewe wamesimama mlangoni pangu, bila kuingia ndani. Biashara yangu inakosa shilingi zao na nafurahi.

Hata kwa kazi ngumu kuliko fomu, jambo hili limewezekana tangu zamani. Tarehe 20 Julai 1969, Apollo 11 ikishuka mwezini, kompyuta yake ilianza kutoa onyo la 1202. Maana yake ilikuwa kwamba kazi zilizoombwa zimezidi nafasi. Kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa maneno 2,048 ya kompyuta, ambayo ni pungufu ya kilobaiti nne. Picha moja tu ya kitambulisho inayotakiwa na fomu zetu huipita mara nyingi. Lakini mpangilio wa kazi uliobuniwa na Hal Laning kule MIT, na programu za kundi lililoongozwa na Margaret Hamilton, vilikuwa vimeitarajia siku kama hiyo. Kompyuta ilizitupa kazi zisizo za lazima, ikaanza upya zile muhimu kutoka mahali zilipokuwa zimehifadhiwa, na chombo kikatua. Walijua chombo chao ni kidogo, wakaandika programu inayojua kuelemewa.

Kuhifadhi mahali kazi ilipofika: hicho ndicho mama wa Sindo anachokosa kwenye fomu yake, zaidi ya nusu karne baadaye.

Ninachoomba hakihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kwanza, kila hatua ya fomu ihifadhiwe kwenye mtambo wa serikali mara mtu anapoimaliza, ili simu ikikiua kivinjari arudi alipoachia. Pili, nambari ya siri iulizwe mwanzo kabisa, kabla mtu hajaandika neno lolote la kumpotea, na ipewe muda wa kutosha wa mtu kwenda na kurudi. Tatu, kurasa zipunguzwe uzito. Ukurasa wa kuomba cheti hauhitaji picha kubwa za viongozi wakitabasamu zinazobadilika zenyewe. Kila picha hiyo ni nafasi ambayo ingebaki kwa fomu. Nne, kila huduma ya lazima iwe na njia ya kabambe kwa USSD, angalau kwa hatua za msingi. Tano, na hili ndilo kubwa, mfumo wowote usizinduliwe kabla ya kujaribiwa na wananchi wa kawaida, kwa simu zao wenyewe, katika soko kama la Sindo. Uingereza, mwongozo wa huduma za mtandaoni za serikali huwataka watengenezaji wazijaribu kwenye vivinjari na vifaa ambavyo watumiaji wanavyo. Sisi wenye simu dhaifu zaidi tunahitaji utaratibu huo kuliko wao.

Kwa Wizara inayohusika na teknolojia: andikeni sharti hilo kwenye zabuni. Mkandarasi aambiwe kabla ya kulipwa kwamba huduma itapimwa kwa simu ya gigabaiti mbili, na ikifuta fomu ya mtu, malipo yangoje. Kwa mbunge wetu wa Suba Kusini na wawakilishi wa wadi: mnapoalikwa kwenye uzinduzi, msipige makofi kabla ya kuomba simu ya mwananchi aliyeketi nyuma na kuijaribu huduma hiyo mbele ya watu. Kwa wenye saiba wenzangu: tusiufurahie mfumo mbovu kwa kuwa unatuletea wateja. Na kwako unayesoma ukiwa na fomu iliyokushinda jana usiku: hukukosea kubonyeza. Mfumo usioweza kutumika kwenye simu ya mama wa omena haujakamilika, awe ameuzindua nani.